Siku Mheshimiwa Alipovaa Kitenge cha Msiba

Vijana wa kanisani, mmenikalia kooni tangu Pasaka mkitaka niwaeleze siasa ya nchi hii inafanywaje. Wawili kati yenu mmeshachukua kadi za vyama, mmoja hiki na mwingine kile, na bado mnakaa benchi moja, jambo linalonifurahisha. Basi nitawaeleza, ila kwa masharti yangu. Msinijibu kwa Kiingereza mpaka nimalize, na msitegemee nianze mwanzo. Nimestaafu, naanzia ninapotaka.

Mimi sikuwahi kuwa mwanasiasa. Nilikuwa mtu wa kampeni, yule anayefika ukumbini kabla ya mheshimiwa na kuondoka pamoja na mfagiaji. Kazi hii ina ufundi wake. Mkutano wangu wa kwanza, Regent Park hapa Toronto, nilipanga viti vyote nilivyovikuta stoo, safu kwa safu, nikajiona hodari. Watu walikuja wengi tu, lakini kwenye picha ilionekana kama tumesusiwa. Tangu siku ile napanga viti pungufu. Watu wakisimama ukutani, kila anayeingia anadhani kuna jambo kubwa humu ndani, na wewe unatoka stoo na viti viwili viwili huku ukiomba radhi kwa uso wa huzuni.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Philomena, mama wa Kigoa kutoka Nairobi, karani mstaafu, mtu wa misa ya kila asubuhi na mhafidhina kuanzia kwenye sketi hadi kwenye chai. Kiswahili chake kilikuwa cha amri. Alinipeleka Etobicoke, kwenye yale majengo marefu wanakoishi watu wetu, akaniambia, "Wewe panda lifti mpaka juu kabisa, halafu shuka kwa miguu. Anayepanda kwa miguu anafika amechoka, na mtu aliyechoka hapewi kura." Akanifundisha pia kuwahesabu wanaotuunga mkono. Anayekataa, alisema, mshukuru, amekuokolea muda. Anayeuliza maswali ni wako. Lakini yule anayekubali kabla hujamaliza sentensi, usimweke popote, maana amekubali na wenzako wote waliopita asubuhi. Siku hizi mna programu kwenye simu inayofanya hesabu hiyo, na sijaona hata moja yenye jicho la Bi Philomena.

Sasa nije kwa mtu wangu. Tulimwita Papa Gaétan. Alizaliwa kaskazini mwa Quebec, kwenye kamji ka viwanda vya mbao ambako kila mtu anasema Kifaransa na kila mtu anamjua babu wa mwenzake. Alikuwa meya huko, kisha mbunge wa chama cha wahafidhina, kisha kwa muda mfupi waziri mdogo, wa aina ile inayotumwa kufungua madaraja. Halafu akapoteza kiti. Wenzake wa Quebec walimwona mkali mno, na wenzake wa Kiingereza walimwona Mfaransa mno. Binti yake alikuwa anaishi Toronto, chama kikawa kinatafuta mtu wa kugombea jimbo moja la magharibi mwa mji, naye akaja na masanduku mawili akapanga chumba Etobicoke. Mimi, mtu wa Uvira kule Kongo, niliyesomea Kifaransa kwa masista, nikaajiriwa kumtembeza.

Nawaambia ukweli, nilikuwa sipendi siasa zake zote. Kuhusu wageni kuingia nchini alikuwa na hotuba moja tu, na aliitoa popote, hata mbele yetu sisi wageni. Serikali isiahidi isichoweza, alisema. Mgeni aletwe na watu wenye majina na anwani, watakaomfungulia mlango na kumlisha, si na karatasi ya ofisini. Nilimwomba aipunguze makali akiwa kwa watu wetu. Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue viatu barabarani.

Ili agombee, ilibidi kwanza ashinde mchujo wa ndani ya chama. Mchujo huwa hivi, wanachama wa jimbo wanakusanyika ukumbini siku moja, kila mwenye kadi anapiga kura, na mwenye nyingi ndiye mgombea. Ni kinyang'anyiro kidogo, lakini ndicho kinachoua watu. Kwa umri wake, Papa Gaétan alijua, na mimi nilijua, kwamba akianguka pale harudi tena bungeni. Mpinzani wake alikuwa dalali wa nyumba, kijana laini, mwenye meno mazuri, asiyejua kusema hapana. Bi Philomena alihesabu na kuhesabu tena, akaniambia, "Wakongo wa lile kanisa lenu wakija, tunapita. Wasipokuja, tufunge mizigo." Nilizunguka kwa mama zenu na baba zenu mpaka soli za viatu zikalainika. Walinielewa. Walimpenda mzee kwa sababu alisema nao Kifaransa bila kuwakosoa.

Wiki mbili kabla ya mchujo, Amani akafa.

Baadhi yenu mnamkumbuka. Alikuwa anafanya kazi kwenye ghala moja Downsview, akiimba sauti ya nne kwenye kwaya. Moyo ulisimama, basi. Mkewe, Neema, na watoto wao wawili walikuwa bado kambini Uganda. Amani ndiye aliyekuwa amewaombea waje, na faili lilikuwa limekaribia mwisho. Alipokufa yeye, nalo likafa.

Mnajua desturi yetu, ingawa wengine mnaiona tu kama nguo. Mtu akifa, familia inachagua kitenge kimoja, na wenye damu yake wanakishona. Anayekivaa si mgeni wa msiba, ni mwenye msiba. Siku ya kumaliza matanga wageni wanatoka kula, na wenye kitenge wanabaki ndani kugawana mzigo alioacha marehemu.

Papa Gaétan hakujua. Aliwaona watu na kitenge kile cha bluu chenye mbegu za njano siku ya mazishi, akadhani ni sare ya kanisa. Wanasiasa wana ugonjwa wa kuvaa nguo za watu, hilo mlijue mapema. Bila kuniuliza, alimwendea Mama Vumilia, fundi cherehani wa ghorofa ya chini kwake, akamwomba amshonee shati la kitambaa kile kwa ajili ya Jumamosi, siku ya kumaliza matanga. Mama Vumilia alilia. Alidhani mzee anajua anachokiomba, akamshonea kwa kipimo cha macho usiku huo huo, na hakumwambia mtu, kwa kuwa jambo la heshima namna ile halitangazwi.

Jumamosi mchana nilikuwa nje ya kanisa letu, pale Downsview kwenye jengo la katikati ya maghala, ndipo nilipomwona akishuka kwenye gari. Kina mama mlangoni walikuwa wameshamwona.

Nilimvuta pembeni. "Nani amekupa hilo shati?"

"Zuri, eeh? Mama Vumilia ni fundi."

"Hilo ni la familia. Ukilivaa wewe ni ndugu wa marehemu."

"Si ndicho tulichokuwa tunakitafuta?" akaniuliza, bila mzaha hata kidogo.

Nilimweleza haraka haraka, maneno yakigongana. Uso wake ulibadilika. Akaushika ukosi, akataka kulivua, nikamshika mkono. Walikuwa wameshamwona nalo. Kulivua pale mlangoni ingekuwa kumkana Amani mbele ya maiti, ijapokuwa maiti ilikuwa imeshazikwa. Tukaingia.

Wageni walipotoka kwenda kula, tulibaki wenye kitenge, naye katikati yao, na mimi nyuma ya kiti chake kama mkalimani. Niwaambie jambo la kuchekesha kwenye siku isiyochekesha. Kumtafsiria Mfaransa mbele ya Wakongo ni adhabu. Nusu ya watu waliokuwa mle ndani walikuwa wanajua Kifaransa kuliko mimi, na kila sentensi yangu ilikuwa na wasahihishaji. Hata ningetaka kuongeza sukari, nisingepata pa kuitia.

Papa Etienne, baba mdogo wa Amani, aliongoza. Alimwita mmoja mmoja. Wewe utakuwa unapiga simu kambini. Wewe utatoa vitu vyake chumbani. Wewe, mtoto wako ajaye atachukua jina lake. Kila aliyeitwa alisimama akasema neno moja, "Nimepokea," akakaa. Nilikuwa nawahesabu waliobaki kabla ya kufika kwetu. Nilitamani ukoo wa Amani ungekuwa mkubwa zaidi.

Kisha Papa Etienne akageuka.

"Na weye, ndugu yetu. Tulifurahi sana kukuona katika hii nguo. Neema na batoto wako kule kambini. Dossier ilikufa na Amani. Weye ulikuwa minisitri, unajua njia za serikali. Sisi tunakupatia ile. Umulete Neema. Sema umepokea."

Simu kadhaa zilishainuliwa kurekodi. Nilitafsiri, ingawa kwa kusikia dossier na minisitri alikuwa ameshaelewa, kisha nikainama sikioni mwake. "Ni neno moja tu," nikamwambia. "Liseme kama wengine. Baadaye tutaona."

Hakunitazama. "Wiki ijayo hawa wananipigia kura," akasema polepole. "Nikisema ndiyo leo, nawanunua kwa watoto wa marehemu."

"Usiposema, umekwisha."

"Najua."

Akasimama. Shati lilimbana mabegani, Mama Vumilia alikuwa amekosea kidogo. Alisema, na mimi nikatafsiri neno kwa neno, kwa hasira. Alisema hakujua maana ya nguo ile alipoiomba, na anaomba msamaha. Alisema yeye si mbunge, na hata angekuwa, faili la mtu halifunguliwi na mbunge. Alisema, "Leo siwezi kupokea. Mnakwenda kupiga kura. Nikikubali leo, hamtajua kamwe nilikubali kwa ajili ya nani."

Mama mmoja akauliza, si kwa sauti kubwa, "Sasa juu ya nini alivaa nguo?" Mwingine akasema, "Avue." Papa Etienne akainua mkono. "Hapana. Mutu havuliwe nguo ya kilio. Akae nayo." Akaendelea na mtu aliyefuata.

Chakula kilipokuja, kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, ugali, ndagala na wali, na hakuna aliyempelekea sahani. Mimi nililetewa nusu. Kwetu hakuna tusi zito kuliko lile, na alilielewa bila mkalimani. Alikaa na lile shati mpaka mwisho, akakunja viti pamoja na vijana, akaaga mmoja mmoja hata wasiomwitikia.

Ndani ya gari nilimtolea yote. Nilimwambia ameniharibia kazi ya miezi, kwamba ukweli wake ni wa mtu asiyewahi kuwa na jamaa kambini. Nilimwambia kuna wakati ndiyo ya uongo ni huruma. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa. "Inawezekana," akasema.

Siku ya mchujo nilisimama mlangoni nikitazama maegesho. Watu wetu walikuja, na nilipoona basi la kanisa moyo ulinipanda. Wakashuka wakiwa wamebandika beji za dalali wa nyumba. Alikuwa ameshafika kwa Papa Etienne katikati ya wiki, akaambiwa la Neema, akasema amepokea kabla mzee hajamaliza sentensi. Bi Philomena, aliyekuwa amekaa karibu nami na rozari yake, alitikisa kichwa tu. Tulishindwa kwa kura chache mno, na hilo lilinichoma zaidi kuliko tungeshindwa vibaya. Dalali akashinda mchujo, akaangushwa kwenye uchaguzi wenyewe, na baada ya hapo simu ya Papa Etienne haikupokelewa tena. Mimi nikatafuta kazi nyingine.

Asubuhi moja baada ya uchaguzi mkuu, Papa Gaétan akanipigia. Tulikuwa hatujasalimiana tangu siku ile.

"Kura zimekwisha?"

"Unajua zimekwisha," nikamjibu kwa ukali.

"Mimi si mgombea wa chochote. Nipeleke kwa Papa Etienne."

Nilimpeleka, nikiwa sijui anataka nini. Papa Etienne alitufungulia akiwa na ndara, akatuonyesha kochi bila kutukaribisha chai. Papa Gaétan hakukaa. Alisimama katikati ya sebule ile, akasema kwa Kiswahili alichokuwa amejifunza sijui kwa nani, "Nimepokea."

"Umechelewa," mzee akasema.

"Ndiyo. Nimechelewa."

Hapo ndipo akaeleza. Kulikuwa na utaratibu wa raia watano kujifunga kumleta mkimbizi, kumpokea, kumlisha na kumpa pa kulala mwaka mzima. Ndiyo ile hotuba yake ya siku zote, watu wenye majina na anwani. Tukawa watano. Yeye, Papa Etienne, Mama Vumilia, Bi Philomena na mimi. Msidhani ilikuwa tamu. Tulikutana mezani kwa Papa Gaétan na kugombana. Bi Philomena alituamrisha kama watoto wa shule. Papa Gaétan aliilaumu serikali kwenye kila foleni tuliyopanga, kwa sauti, mpaka maofisa wakamjua. Papa Etienne hakumwamini kwa mwaka wa kwanza wote, na alisema hivyo kila kikao. Na sharti mojawapo lilikuwa kwamba sisi watano tuwe tunaishi hapa hapa, mji ambao Neema angefikia.

Lile sharti ndilo lililotutia hofu. Tukiwa bado tunasubiri, chama chake cha kule kaskazini kilimwita. Mbunge aliyemshinda alikuwa amestaafu, na upepo wa siasa ulikuwa umewageukia wahafidhina. Safari hii hapakuwa na mchujo, kiti kilikuwa kama kimeshawekwa mezani na kijiko. Walimtaka arudi kwao, akae kwao, aonekane kwao. Alituambia kwenye kikao, akasema atafikiri. Sikulala vizuri. Nilimfahamu. Nilikuwa nimemwona akitazama bunge kwenye televisheni, midomo ikitembea, akiwajibu watu wasiomsikia. Mtu yule aliitaka kazi ile kama mgonjwa anavyotaka maji. Papa Etienne alinipigia kila siku kuuliza kama amefunga mizigo. Nilimwambia sijui, na nilikuwa sijui kweli.

Kikao kilichofuata alichelewa. Tulikaa wanne tukitazama mlango wa chumba chake mwenyewe, Bi Philomena akiwa na funguo. Mama Vumilia alikuwa ameanza kulia kabla ya wakati. Papa Gaétan aliingia akiwa na mkate na maziwa, akaviweka mezani, akauliza, "Tulifikia wapi?" Hakusema neno jingine juu ya lile jambo, siku ile wala baadaye. Mtu mwingine alichukua kiti. Leo ni waziri, na si mdogo.

Neema alifika wakati theluji ilikuwa inayeyuka. Tulisimama watano uwanja wa ndege, tumebeba makoti tusiyojua kama yatawatosha. Alitoka akiwa na mtoto mkubwa mkononi na mdogo mgongoni, amelala. Alimkumbatia Papa Etienne, akamsalimia Mama Vumilia, akanishika mkono. Kisha akamwona mzungu, akasimama. Ile video ya siku ya matanga ilikuwa imefika kambini kabla ya barua yoyote. Alikuwa ameitazama, akatuambia baadaye, mpaka akaijua.

"Njo huyu alikataa siku ya kilio cha bwana yangu?" akaniuliza.

"Amesema nini?" Papa Gaétan akaniuliza kwa Kifaransa.

Hapakuwa na wasahihishaji pale. Ningeweza kusema lolote. Nikamtafsiria kama alivyosema.

"Mwambie ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Neema alimtazama, watu wakitupita na masanduku yao pande zote mbili. Hakutabasamu. Alifungua fundo la kitambaa kifuani, akamtoa mtoto mgongoni akiwa bado usingizini, akamnyooshea Papa Gaétan.

"Abebe basi," akasema. "Mgongo unaniuma."